Betta kwenye baridi ya Mbeya: tangi dogo linalomfaa

Mkuu uliyeuliza kutoka Iyunga, nimekusoma. Kwa wanaoingia sasa: mwanawe kaletewa betta dume, yule samaki wa mapambo mwenye mapezi marefu, na baba yake mdogo kutoka Dar, wakamweka kwenye jagi la kioo la lita kama mbili juu ya kabati la sebuleni. Mwanzoni alikuwa anazunguka vizuri, sasa kalala chini, rangi imefifia, mapezi kayabana ubavuni, chakula kinaelea mpaka kinaoza. Mkuu anauliza dawa gani anunue, tangi dogo litengenezwe la ukubwa gani, kama samaki huyo anaweza kukaa na mbuna wa Matema (samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa), na kama amtafutie jike.

Dawa achana nazo. Huyo samaki ana baridi.

Samaki hana joto la mwili wake mwenyewe, anachukua la maji aliyomo. Betta anataka maji ya nyuzi 24 mpaka 28. Yakishuka chini ya 20 anaanza kuzubaa, tumbo linasaga chakula polepole, kinga inalegea, na hapo ndipo vidoa vyeupe na kuvu vinapompata. Sasa jagi la lita mbili halina joto lake, linafuata chumba. Na chumba cha Mbeya mwezi wa saba sote tunakijua: nje alfajiri inashuka chini ya nyuzi 10, ndani unaamka na 15 au 16 na blanketi mbili juu yako. Yeye hana hata moja.

Kwa usiku wa leo: chukua beseni, tia maji ya vuguvugu yasiyounguza mkono, lisimamishe jagi humo ndani, maji ya beseni yafike nusu ya jagi. Yakipoa, punguza uongeze ya moto kidogo kwenye beseni, usimwagie ndani ya jagi. Lengo ni kupanda nyuzi moja au mbili kwa saa mpaka ufike 25. Usiwe na haraka, kumpandisha ghafla ni pigo jingine. Mdomo wa jagi ufunike na sahani, acha upenyo. Chakula usimpe mpaka umwone anaogelea mwenyewe na kufuata kidole chako kwenye kioo. Betta mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike.

Sasa tangi. Mimi nafuga hawa samaki Uyole, ambako upepo wa mlimani unaingia mpaka kabatini, na msimamo wangu ni huu: huku kwetu pesa ya kwanza inakwenda kwenye joto. Hita ya umeme ya kupasha maji, kipimajoto, kifuniko. Kikibaki kitu ndipo ufikirie mapambo. Video nyingi za betta zimerekodiwa kwenye nyumba zenye joto la kutosha mwaka mzima, kwa hiyo hita wanaitaja kwa sentensi moja na kuendelea na maua. Ukifuata mpangilio huo Mbeya, Njombe au Mafinga, utakuwa na tangi zuri lenye samaki mgonjwa.

Asili yake ni Thailand na nchi jirani, kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na madimbwi yenye majani. Mwaka 2019 Thailand ilimtangaza rasmi kuwa mnyama wa majini wa taifa. Watu wakisikia "dimbwi" wanadhani anafaa kuishi kwenye glasi. Lakini shamba la mpunga, maji yake yakiwa ya kina kifupi, ni pana, na lina joto. Fikiria Kyela, usifikirie Uyole. Ndiyo maana rafiki yangu aliyeko Kyela hana hita karibu mwaka mzima na samaki wake wanang'aa, halafu huwa anatushangaa sisi wa juu tunavyohangaika na waya.

Kitu kingine cha kumwelewa: betta anapumua hewa. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji pamoja na kutumia matamvua, ndiyo maana unamwona anapanda, anagusa uso wa maji kwa mdomo na kushuka. Hiyo si dalili ya kukosa pumzi. Lakini maana yake ni kwamba hewa iliyo kati ya maji na kifuniko nayo inatakiwa iwe ya vuguvugu na yenye unyevu. Tangi wazi kwenye chumba cha nyuzi 15, hata maji yakiwa 26, kila akipanda kuvuta pumzi anavuta ubaridi. Kwa hiyo kifuniko kwetu ni lazima, na pia betta anaruka. Kata kioo au plastiki ngumu, acha nafasi ya sentimita tatu mpaka tano kati yake na maji, na tundu dogo la waya na hewa.

Ukubwa: usishuke chini ya lita 20. Sababu za kawaida ni usafi wa maji na nafasi ya kuogelea, ni kweli, ila kwetu kuna ya tatu: maji mengi yanapoa taratibu. Umeme ukikatika saa nne usiku, jagi litakuwa baridi kabla hujalala. Tangi la lita 20 lililofunikwa linakupa muda. Fundi vioo yeyote anaweza kukutengenezea. Mwambie urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25, kioo cha milimita 5. Ukijaza mpaka sentimita 21 una lita 21. Usikubali lile refu jembamba kama chombo cha maua, betta anaogelea kwa kwenda mbele na nyuma na hapendi kupanda ngazi ndefu kufuata hewa. Silikoni iwe ya kawaida. Kuna ile ya bafuni iliyoandikwa kuwa inazuia kuvu, hiyo ina sumu, mkatalie fundi hata akikuambia ni kitu kilekile. Ikishakauka siku mbili tatu na harufu ya siki imeisha, jaza maji, liache usiku kucha juu ya gazeti uone kama linavuja, mwaga, jaza upya. Kama fundi ni mbali, dishi la plastiki linaloonyesha, la lita 25 la kuhifadhia vyombo, linafanya kazi ileile. Samaki hajui bei.

Usiliweke dirishani. Mchana jua linapandisha joto na kuotesha ukijani, usiku kioo cha dirisha kinanyonya joto lote. Usiliweke sakafuni kwenye saruji. Ukuta wa ndani, meza imara, mbali na mlango. Chini ya tangi weka kipande cha stairofomu, kile kinachotoka kwenye maboksi ya televisheni, na pande tatu zisizoonekana bandika kipande kingine. Haikugharimu kitu, na ndiyo inayofanya hita ipumzike. Mimi nimefunika nyuma na ubavuni, mbele nimeacha wazi, na kioo cha mbele ndicho kinachotoa ukungu alfajiri huku pande nyingine zikiwa kavu. Joto linapotokea unaliona kwa macho.

Hita. Ukubwa unategemea tofauti kati ya chumba na maji unayoyataka. Pwani, chumba kikiwa 24, wati 25 zinatosha lita 20. Kwetu unataka kupandisha nyuzi 10 au zaidi, kwa hiyo chukua wati 50. Usiende 100 ukidhani ni usalama zaidi: hita za bei rahisi zina tabia ya thamostati, ile swichi inayoizima maji yakifika joto, kuganda ikiwa imewaka, na wati 100 kwenye lita 20 zitamchemsha samaki ukiwa kazini. Wati 50 zikiganda kwenye chumba chetu cha baridi, angalau una nafasi ya kurudi na kukuta maji ya moto kupita kiasi lakini samaki hai.

Kile kirungu cha kuchagua joto juu ya hita usikiamini. Nimeshika hita zilizoandikwa 26 zikatoa 23, na nyingine zikatoa 29. Nunua kipimajoto cha kioo, kiweke upande wa pili wa tangi, mbali na hita, na usome alfajiri kabla jua halijatoka, maana hapo ndipo chumba kiko chini kabisa. Ukisoma saa nane mchana utajidanganya. Anza kuiwasha bila samaki, iache siku nzima na usiku wake, rekebisha mpaka alfajiri isome 25 au 26, ndipo umhamishe.

Na usalama: waya wa hita ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, tone likiteleza lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye umeme. Kabla ya kupunguza maji chomoa hita, subiri kama robo saa. Hita yenye moto ikibaki nje ya maji inapasuka. Waambie watoto mkono hauingii kwenye maji hita ikiwa kwenye umeme.

Gharama ya umeme, maana najua utauliza. Wati 50 ikiwaka jumla ya saa 12 kwa siku ni uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye tarifa ndogo ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, 18 si haba, piga hesabu kwanza usije ukasukumwa kwenye tarifa ya juu kwa sababu ya samaki mmoja. Stairofomu na kifuniko ndivyo vinavyopunguza hizo saa. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hita inawaka kidogo sana.

Umeme ukikatika: zungushia tangi blanketi pande zote, juu acha tundu la hewa. Usimlishe. Kama unaona kukatika kutakuwa kurefu, chemsha maji kwenye gesi, changanya yawe ya moto unaoweza kushika, jaza chupa ya plastiki ya nusu lita, funga, ielee ndani ya tangi. Toa maji kidogo kwanza kama tangi limejaa. Ikipoa badilisha. Watu wanapendekeza inveta na betri, lakini fanya hesabu: betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina kama wati-saa 84, hita ya 50 inaimaliza ndani ya saa moja na nusu hivi. Blanketi linafanya kazi nzuri zaidi na halichajiwi.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali. Usiingize jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya tangi, wala kwa ajili yako. Baridi ya huku imewafanya watu walale na jiko na wasiamke. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukustua. Na samaki anayepumua hewa ya juu ya maji anavuta moshi uleule.

Maji. Ya bomba yakiwa na klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana, koroga mara mbili tatu. Kama una ile dawa ya matone ya kuondoa klorini, bora zaidi. Ya mvua huku tunayo mengi, lakini hayana madini ya kutosha na tindikali yake inayumba haraka. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, na usikinge kwenye bati lenye kutu au rangi mpya. Betta hana maringo sana, kipimo cha tindikali (pH) kati ya 6.5 na 7.5 kinamtosha. Anachochukia ni kubadilishiwa ghafla. Na hapa Mbeya ghafla kubwa ni baridi ya ndoo: maji yaliyolala ndani mwezi wa saba yana nyuzi 15. Ongeza maji yaliyochemshwa kwenye ndoo, pima kwa kipimajoto kilekile mpaka yalingane na ya tangi, ndipo umimine taratibu.

Tangi jipya halijawa tayari hata kama maji yanang'aa. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikipunguzwa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kuota, na kwenye maji ya baridi wanachelewa zaidi. Kwa hiyo hita inamfanyia kazi samaki na inawafanyia kazi bakteria pia. Kwa kuwa wewe samaki unaye tayari, huna nafasi ya kusubiri: mweke kwenye tangi, mlishe kidogo sana, na kwa wiki hizo za mwanzo badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Baadaye robo kwa wiki inatosha. Ukimjua mfugaji mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake kwenye mfuko wa maji, utakuwa umepewa bakteria bure. Usichukue kwenye bwawa la perege, utaleta na magonjwa yake.

Chujio linalomfaa ni la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Mapezi ya betta wa dukani ni mazito, mkondo mkali unamchosha. Pampu ifungue kidogo tu, kwanza ni hewa ya baridi ya chumba unayoipuliza ndani ya maji, ikiwa kali inapoza.

Hapa ndipo sisi wa ukanda huu tuna bahati. Yale mawe mepesi yenye vitundu ya volkano ya Rungwe, yanayoelea ukiyatupa majini, ni makao mazuri ya bakteria. Chemsha, loweka mpaka yazame, yajaze kwenye kikapu cha chujio au uyazike nyuma ya tangi. Usiyapange mbele kama pambo, kingo zake zinachana mapezi. Jaribio rahisi la pambo lolote ni soksi nyembamba ya mwanamke: pitisha juu yake, ikinasa, pezi nalo litanasa. Mchanga wa mtoni unafaa, osha mpaka maji yatoke safi. Mawe ya upande wa Songwe yajaribu kwanza kwa tone la siki: yakitoa povu ni chokaa, yatabadilisha maji, yaache.

Majani: chukua yanayostahimili mwanga kidogo, usihangaike na taa kali. Ua la kutambaa lile lenye majani ya umbo la moyo, ambalo nusu ya sebule za Mbeya linalo, tumbukiza mizizi tu majini, majani yabaki nje, litanyonya nitrati. Majani ya ziwani kutoka Matema ni mazuri ila yanakuja na konokono, na Ziwa Nyasa lina kichocho. Yakae kwenye ndoo ya peke yake wiki kadhaa, chambua konokono, nawa mikono. Gugu maji usilete nyumbani hata kidogo.

Jani kavu la mkungu linapendwa sana na wafugaji, linatoa rangi ya chai na kulainisha maji. Huku juu si rahisi kulipata, lakini jani la mgomba lililokaukia mtini linatumika pia huko huko Thailand, na Tukuyu haijakosa migomba. Kata kipande cha kiganja, suuza, tia. Hakikisha shamba halipigwi dawa, na ujue jirani analima nini: viazi vinapuliziwa sana.

Chakula ni vidonge vya betta, viwili vitatu asubuhi na vivyo hivyo jioni, siku moja kwa wiki afunge. Viluwiluwi vya mbu anavipenda kuliko kitu chochote, ila kwa baridi ya sasa havipatikani. Badala yake weka ganda la ndizi mbivu kwenye chupa jikoni, vile vinzi vidogo vya matunda vikijaa, tia chupa kwenye friji kidogo vizubae, mwagia juu ya maji. Atavidaka kimoja kimoja mpaka mwanao asahau katuni. Dagaa wa kusaga na mkate usimpe, vinachafua maji usiku mmoja.

Mbuna hapana. Hao wanatoka kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, maji yao yana alkali, pH inafika 8 na zaidi, wanahitaji tangi la lita mia mbili na wana fujo. Betta na mapezi yake yale hatamaliza siku. Ukiletewa, jenga tangi lao.

Jike pia asiwekwe naye. Dume na jike hukutanishwa wakati wa kuzalisha tu, kwa uangalizi, na jike hutolewa mara mayai yanapoisha, la sivyo anapigwa. Ukimwona dume anatengeneza kiota cha mapovu kwenye kona, ujue yuko vizuri, si kwamba anaomba mke. Na dume wa pili ndiyo usithubutu, wala kioo cha kujitazama kisibaki mbele ya tangi kutwa nzima.

Hita ukiagiza Dar itakuja na basi bila shida, ila usiagize samaki mwingine miezi hii. Basi la usiku linapita Mafinga na Makambako saa ambazo mfuko wa maji unaweza kukugandisha mkono. Ukifunga tangi na kipimajoto, andika hapa kinasoma ngapi saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na joto la chumba, tuone kama wati 50 zinakutosha au stairofomu iongezwe.